Vyeti viwili kwa mwanafunzi mmoja: Njombe itavipokeaje?

WANAFUNZI walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule zilizoteuliwa kuanza mkondo wa amali wanatarajiwa kufanya mtihani wao wa mwisho mwishoni mwa mwaka 2027. Kwa utaratibu uliotangazwa na Serikali, atakayefaulu ataondoka shuleni na vyeti viwili. Kimoja ni cha Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kama alichopata kaka yake aliyemtangulia. Kingine ni cha ufundi stadi, kilicho chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Kwa maneno mengine, kijana huyo atakuwa amesoma sekondari na chuo kwa wakati mmoja, akiwa bado amevaa sare ya shule.

Swali ambalo mzazi wa Ramadhani, mojawapo ya kata 13 za Halmashauri ya Mji wa Njombe, au mzazi wa Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, ana haki ya kuliuliza si kama mpango huu ni mzuri. Hilo halina ubishi mkubwa. Swali ni kwamba, cheti cha pili kitamfungulia mtoto wake mlango gani ambao cheti cha kwanza peke yake kisingeufungua? Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana ndani ya sera. Linapatikana katika vigezo vya kujiunga vya kila chuo, katika karakana ya kila shule na katika ofisi ya kila mwajiri, yaani mahali ambapo sera nyingi nzuri za nchi hii zimewahi kukwama.

Neno lenyewe, amali, si geni kwa wasomaji wa Visiwani, ambako chombo kinachosimamia mafunzo ya ufundi huitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Bara ilizoea kusema ufundi stadi, hasa baada ya sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA. Sasa neno la Zanzibar limevuka bahari na kuingia katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa mwaka 2025. Kwa mujibu wa sera hiyo, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, elimu ya lazima inakuwa ya miaka 10, na sekondari inagawanyika katika mikondo miwili: wa elimu ya jumla na wa amali. Katika mkondo wa pili kuna fani za kilimo, ujenzi, umeme, ushonaji, upishi, michezo, sanaa na nyinginezo. Mwanafunzi huchagua fani yake, lakini hasamehewi Elimu ya Biashara wala Historia ya Tanzania na Maadili.

Ikumbukwe kwamba hii si mara ya kwanza kwa Tanzania kutaka kuiunganisha shule na kazi. Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikagawanywa katika michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Wakazi wa Njombe waliokuwa vijana wakati huo wanaikumbuka Ifunda, kwani hadi mwaka 2012 Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, na wanaikumbuka pia Iyunga ya Mbeya. Kijana wa shule ya ufundi aliyefaulu vizuri aliweza kuendelea hadi Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia (DIT), akasomea cheti kilichojulikana kwa herufi tatu tu, FTC. Wapo mafundi sanifu wengi walioshika miradi ya umeme, maji na barabara ambao walipita njia hiyo.

Njia hiyo ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa na pa kuelekea. Ifunda ilitazamana na Dar es Salaam, na kila upande ulijua mwingine unafundisha nini. Michepuo mingine haikuwa na bahati hiyo. Aliyesoma mchepuo wa kilimo au sayansi kimu alitoka na alama ya somo katika cheti cha kidato cha nne, si na sifa ya kazi. Jembe la shule liligeuka adhabu ya wachelewaji, na jiko la sayansi kimu likafungwa vifaa vilipokwisha. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwa mezani leo, kwa sababu mkondo wa amali unaweza kufuata mfano wa Ifunda au ule wa jembe la adhabu, na jina la mkondo halitaamua.

Mfumo wa vyeti vya ufundi nchini ni ngazi. Chini kuna ngazi tatu za ufundi stadi, zile zilizochukua nafasi ya majaribio ya ufundi ya zamani yaliyoitwa gredi. Juu yake kuna ngazi ya nne, ya tano na ya sita, ambayo ndiyo stashahada, na kuendelea hadi shahada. NACTE ilipobadilishwa kuwa NACTVET mwaka 2021, ngazi zote hizo ziliwekwa chini ya baraza moja, tofauti na zamani ambapo VETA ilisimamia zake na NACTE zake. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwani mwenye nyumba akiwa mmoja, ni rahisi zaidi kupandisha mtu kutoka chumba cha chini kwenda cha juu.

Lakini kupanda huko kunahitaji kuandikwa. Tuchukulie kijana aliyesoma umeme wa majumbani kwa miaka minne katika mkondo wa amali, na mwenzake wa mkondo wa jumla aliyepata alama nzuri ya fizikia lakini hajawahi kushika bisibisi. Wote wawili wanaomba stashahada ya umeme katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ikiwa wote watawekwa darasa moja, mwaka mmoja, na kuanza kufundishwa jinsi ya kuunganisha swichi na taa, basi cheti cha pili cha yule wa kwanza hakijamwokolea hata siku moja. Atakuwa amelipa kwa muda wake, na Serikali italipa mara mbili kwa ujuzi uleule. Ikiwa chuo kitamtahini alichokwisha kujifunza na kumruhusu kuruka muhula mmoja au miwili, hapo ndipo mpango unapata maana yake ya kiuchumi.

Suala hili limewasumbua hata wenye uwezo kuliko Tanzania. Nchini Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1985 iliyowaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo kabla ya kumaliza shule, na kozi hizo kuhesabiwa pande zote mbili. Mtindo huo umeenea majimboni kiasi kwamba katika mwaka wa masomo wa 2022/23 wanafunzi wa sekondari wapatao milioni 2.5 walisoma angalau kozi moja ya chuo. Kinachovutia huko zaidi ya ukubwa wa idadi ni manung'uniko. Familia hugundua kwamba kozi iliyokubaliwa na chuo kimoja haihesabiwi na kingine, au inahesabiwa kama somo la ziada lisilopunguza muda wa shahada. Shule za vijijini nazo hulalamika kuwa hazina walimu wenye sifa ambazo chuo kinazidai, hivyo faida inakwenda kwa waliokuwa nayo tangu mwanzo. Huo ni uzoefu wa miaka 40, na ni bure kwa anayetaka kuuchukua.

Kwa Tanzania kuna sababu nyingine inayofanya suala la kupanda ngazi kuwa la lazima, na kwa bahati mbaya halizungumzwi sana. Nayo ni umri. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, akasoma msingi miaka sita na sekondari minne, atamaliza akiwa na miaka 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto linapokuja suala la kazi za hatari, na inakataza asiajiriwe mgodini, kiwandani au mahali pengine penye mazingira ya hatari, isipokuwa pale kazi hiyo inapokuwa sehemu ya mafunzo yake au anapokuwa amefundwa ipasavyo na usalama wake umelindwa kikamilifu.

Katika Njombe sharti hilo si nadharia tu. Kazi kubwa inayowasubiri vijana wa mkoa huu ni mbao. Kuanzia Makambako kwenda Njombe, na kutoka Njombe kwenda Lupembe au Makete, misindano na mikaratusi imefunika vilima, na pembezoni mwa mashamba zinanguruma mashine za kuchania mbao ambazo mtaani huitwa dingdong. Msumeno wa mashine hizo mara nyingi hauna kinga, na fundi wake mara nyingi hana miwani wala glavu. Kijana wa miaka 16 mwenye cheti cha useremala cha Taifa anapoingia pale kama kibarua, amefika mahali ambapo sheria haikutaka afike katika umri huo, hata kama ana ujuzi kuliko wote waliomkuta. Mwajiri makini, mwenye kiwanda kilichosajiliwa na mkaguzi anayekitembelea, atamwambia arudi baada ya miaka miwili, ilhali yule asiyejali atamchukua siku hiyohiyo. Kama hakuna chuo kinachompokea kijana katika miaka hiyo miwili na kumpandisha ngazi, mpango utakuwa umemwandalia njia ya kwenda kwa mwajiri mbaya zaidi.

Ni kweli kwamba wahitimu wa mwanzo, waliosoma msingi kwa miaka saba, watakuwa na umri mkubwa kidogo. Tatizo hilo litaonekana wazi kwa waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 na wanaowafuata. Bado kuna nafasi ya kulitatua kabla halijafika, jambo ambalo katika utawala wa elimu si la kila siku.

Zaidi ya umri kuna kipindi kilichosahaulika katika kalenda. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Tanzania amekuwa akimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, akipata matokeo Januari, na aliyechaguliwa akiripoti kidato cha tano Julai. Hiyo ni miezi saba ya kukaa nyumbani. Mwenye wazazi wenye uwezo hupelekwa kusoma kompyuta, udereva au masomo ya kujiandaa na kidato cha tano. Wa Ramadhani au Uwemba huenda kuvuna viazi, kuchuma chai au kubeba mbao. Miezi hiyo saba inatosha kumaliza kozi fupi kamili katika chuo cha ufundi, tena yenye cheti. Hata mwanafunzi wa mkondo wa jumla, ambaye ndiye atakayebaki mwingi kwa miaka ijayo, angeweza kunufaika na daraja hilo bila mtaala wowote kubadilishwa. Ajabu ni kwamba mjadala wote wa vyeti viwili umejikita katika miaka minne ya madarasani na kuiacha miezi hii ipite kama maji ya mto Ruhuji.

Turudi kwenye karakana, maana ndiko mambo yanakoamuliwa. Serikali imekuwa ikijenga shule mpya za sekondari za amali mikoani, na hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, watoto wengi wa Njombe hawatasoma katika shule hizo mpya. Watasoma katika shule za kata, zile zilizojengwa kwa kasi kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 na ambazo wenye masikhara waliziita yeboyebo. Shule hizo zilianza zikiwa na madarasa bila walimu. Baadaye ikaja kampeni ya maabara, na nyingine zikapata majengo ya maabara bila kemikali. Kuzitaka sasa ziwe na karakana zenye mashine, umeme wa kutosha na mafundi walimu ni kuomba muujiza wa tatu kutoka kwa wananchi walewale wanaochangishwa tofali.

Upo mkato, na ni ule ambao Wamarekani waliuona mapema: si lazima chuo kijengwe ndani ya shule, mwanafunzi anaweza kupelekwa chuoni. Mkoa wa Njombe unavyo vyuo. VETA ina chuo wilayani Makete na kingine wilayani Ludewa. Kwa mwanafunzi wa mjini Njombe, hata hivyo, vyote viwili viko mbali. Makete ni zaidi ya kilomita 100 za milima, na njia ya Ludewa ni ile ya Itoni, ambayo sehemu yake ililazimika kujengwa kwa zege kutokana na miteremko na mvua. Hakuna ratiba ya siku mbili kwa wiki inayoweza kuvuka umbali huo. Hivyo VETA itabaki kuwa ya wanaokwenda kuishi huko.

Vilivyo karibu ni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Tanzania inavyo 54, vilivyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, na miongoni mwake kimo cha Njombe na cha Ulembwe wilayani Wanging'ombe. Kwa muda mrefu vyuo hivyo vilionekana kama mabaki ya enzi za ujamaa, mahali pa kujifunza kudarizi na kufyatua matofali. Lakini ndivyo vilivyotangulia kufanya kile kinachohubiriwa sasa. Kupitia programu iitwayo Elimu Haina Mwisho, inayoratibiwa na shirika la Karibu Tanzania, wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba au umaskini wamekuwa wakisoma masomo ya sekondari na fani ya ufundi kwa pamoja katika vyuo hivyo, huku watoto wao wakilelewa palepale. Yaani kabla ya waraka wa Novemba 2021 ulioruhusu waliojifungua kurudi shuleni, na kabla ya mkondo wa amali kupata jina, tayari kulikuwa na wanafunzi wa Kitanzania wanaosoma sekondari asubuhi na umeme au ushonaji mchana. Wapangaji wa elimu wana la kujifunza kwa wasichana hao kuliko kwa wataalamu wa ng'ambo.

Kwa mantiki hiyo, shule ya kata iliyo ndani ya Mji wa Njombe inaweza kufundisha hisabati na lugha darasani kwake, na kuipeleka fani kwenye karakana ya chuo cha wananchi kwa siku maalumu. Mahitaji yake ni ratiba inayooana, usafiri wa uhakika, bima ya ajali na makubaliano ya maandishi kati ya mkuu wa shule na mkuu wa chuo kuhusu nani anaweka alama gani. Kikwazo chake hasa ni cha kiutawala: sekondari ziko chini ya halmashauri kupitia TAMISEMI, ilhali vyuo vya wananchi viko chini ya Wizara ya Elimu. Wakuu wawili wanaoweza kupungiana mkono kutoka madirishani mwao wanapokea maelekezo kutoka ofisi mbili tofauti za Dodoma.

Makambako hali ni tofauti. Mji huo uko kwenye makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na ile ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Gereji, maghala, nyumba za wageni na vituo vya mafuta vimejaa. Karakana bora kuliko zote ni ile ambayo tayari inatengeneza malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Kijana wa ufundi magari anayepelekwa gereji yenye fundi mzuri mara mbili kwa wiki atajifunza zaidi ya anayetazama injini iliyochorwa ubaoni. Programu ya uanagenzi iliyoanzishwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na wazo kama hilo. Tahadhari ni moja, kwamba fundi wa gereji lazima naye atambuliwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi wa mtaani hupimwa na kupewa cheti. Litakuwa jambo la aibu mwanafunzi kupata cheti cha ngazi ya tatu kutokana na mikono ya mtu ambaye mwenyewe hana hata cha ngazi ya kwanza.

Hapo linaibuka jambo la lugha. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na sera mpya haikubadilisha hilo. Gereji na karakana hufundisha kwa Kiswahili: randa, timazi, pimamaji, koleo, mota. Kijana anaweza kujua kunyoosha ukuta kwa timazi bila kosa na bado akashindwa kueleza kwa maandishi ya Kiingereza alichokifanya. Ikiwa upimaji wa fani utaegemea karatasi kuliko kazi, cheti cha pili kitakuwa kinapima lugha, kama cha kwanza kinavyolaumiwa kufanya.

Kuhusu fedha, hesabu ni fupi. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilihesabiwa kwa sh. 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Kitabu cha historia hutumika miaka mitano, lakini ubao unaokatwa leo umekatwa, saruji iliyochanganywa leo imekauka, na waya uliochunwa hauchunwi tena. Fani ya amali hula vifaa kila wiki. Kiasi kilichopangwa kwa ajili ya chaki hakiwezi kununua mbao, hata Njombe ambako mbao zimejaa barabarani. Upande wa juu Serikali imeonyesha nia: bajeti ya 2023/24 ilifuta ada za ngazi ya ufundi katika DIT, chuo cha Mbeya na kile cha Arusha, na mwaka huohuo mikopo ikaanza kutolewa kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Nia hiyo haijaonekana kwa uzito uleule kwenye debe la misumari la sekondari.

Hofu nyingine ni ya kijamii, na haifai kufichwa. Mzazi mwenye uwezo bado atamtaka mtoto wake daktari, na atahakikisha anakwenda mkondo wa jumla. Ikiwa amali itakuwa mahali pa waliopata alama ndogo darasa la sita, itageuka chujio la watoto wa maskini, na waajiri wataisoma hivyo. Kenya, iliyoingiza wanafunzi wake wa kwanza wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umahiri Januari 2026 kwa njia tatu za masomo, inakabiliwa na mtihani huohuo. Dawa pekee iliyowahi kusaidia ni mlango wa kurudi, yaani kijana wa amali aweze kwenda kidato cha tano akitaka, na chuo kikuu baadaye, bila kuambiwa alichagua vibaya akiwa na miaka 12.

Njombe ina faida ambayo mikoa mingi haina, kwani soko limekuja kabla ya cheti. Parachichi aina ya Hass limewatoa wakulima wengi wa mkoa huu katika kilimo cha kujikimu, na makubaliano ya Novemba 2022 yaliyofungua soko la China yaliongeza hamu. Zao hilo linahitaji watu wanaojua kubebesha miche, kupima ukomavu wa tunda, kusoma masharti ya viuatilifu ya mnunuzi wa Ulaya na kutunza chumba cha ubaridi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada, na yote yanafundishika kwa kijana wa kidato cha tatu mwenye shamba la kujifunzia. Shamba hilo, tofauti na mashine, shule nyingi za Njombe zinalo tayari. Kama kuna fani moja ambayo shule ya kata ya Ramadhani inaweza kuianza bila kungoja karakana, ni hiyo.

Kinachobana ni kalenda. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 wanamaliza darasa la saba mwaka 2027 kwa utaratibu wa zamani, na waliokuwa darasa la tatu wanamaliza la sita mwaka huohuo kwa utaratibu mpya. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, miezi miwili tu baada ya wahitimu wa kwanza wa amali kutoka. Kila mkuu wa shule atakuwa anatafuta chumba, na yeyote aliyeona maabara zikigeuzwa madarasa anajua jengo gani litaangaliwa kwanza. Bajeti ya 2027/28 ndiyo itakayoamua kama karakana zitakuwa na benchi za kufanyia kazi au madawati, na halmashauri za Njombe na Makambako zitaiandaa kabla mwanafunzi hata mmoja wa amali hajapokea vyeti vyake viwili.